Julai Isiyo na Kumi na Tisa

Kwanza niseme wazi kwamba mimi sinuni ovyo. Nanuna penye sababu, na kwenye kiwanda cha kuchapa sababu hazikosekani. Kazi yangu ni kusoma prufu, ile nakala ya majaribio kabla ya kuchapa. Kila karatasi inayotoka pale, iwe kadi ya harusi, lebo ya sabuni au tangazo la shule ya udereva, inapita mezani kwangu kwanza, na nukta ikikaa pasipo pake naiona. Miaka kumi na moja sikuwahi kuachia kosa hata moja. Bosi alichongesha kibao akakitundika mapokezi: MIAKA KUMI NA MOJA BILA KOSA. Kila mwaka kinabadilishwa namba, na kila mwaka najifanya nina kazi nyingi sina muda wa kukitazama.

Wenzangu wananiita Bi Kasoro. Wanasema nikiwa sipo, wakidhani sijui.

Sasa huyu mwingine aliletwa mwezi wa kumi kukaa mapokezi, kwa majaribio ya miezi mitatu. Mwanaume wa rika langu, mrefu, masikio yamemtoka kidogo, na kicheko chake huanza kabla kichekesho hakijaisha. Wiki ya kwanza tu alikusanya vipande vya karatasi za rangi vinavyobaki kwenye mashine ya kukatia, akavitunga kwenye uzi kutoka mlango mkubwa mpaka mlango wa choo.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Mwaka unaisha, dada."

"Unaisha kila mwaka."

"Na kila mwaka tunaufikisha. Hilo nalo si la kufurahia?"

"Kwanza mimi si dada yako."

"Sawa, bosi."

"Bosi yuko ofisini."

"Basi sawa, Bi Kasoro."

Fundi wa mashine alizima mashine ili asikie vizuri. Nilimkata jicho ambalo limewahi kumliza mteja mmoja mwenye kampuni yake, lakini huyu alitabasamu tu, akanisogezea kiti. Wafungashaji wakampa jina la Sikukuu siku hiyohiyo, na likamganda.

Ningeendelea kumkwepa mpaka majaribio yake yaishe, kama isingekuwa mwenzangu wa kusoma kwenda likizo ya uzazi. Pale kwetu prufu haisomwi na mtu mmoja. Mmoja anashika karatasi ya mteja na kusoma kwa sauti, kila kitu, mpaka alama: "Karibuni mkato ndugu na jamaa nukta." Mwingine anafuatilia kwenye prufu kwa ncha ya kalamu nyekundu, neno kwa neno. Anayesoma hatazami prufu, na anayetazama hasemi kitu mpaka aone kosa. Wakimaliza, mwenye kalamu anaandika chini, *Imesomwa. Sawa*, anatia sahihi, na hapo ndipo mashine inawashwa. Bosi akaamua Sikukuu awe ananisomea.

Yule mtu alikuwa anasoma kana kwamba mkato una moyo. Mkato wa kadi ya harusi aliupandisha juu kidogo, mkato wa tangazo la msiba akaushusha na kusubiri. Akisoma lebo ya dawa ya mende unajikuta unawaonea huruma mende. Nilimwambia asome kama watu wengine. Akasema, "Sawa," akasoma vilevile. Baada ya wiki mbili nilianza kufika kazini mapema, nikajiambia ni kwa sababu ya foleni barabarani. Naishi dakika saba kwa miguu.

Nieleze na hili, tumalizane nalo. Zamani nilikuwa na mchumba aliyekuwa akiniandikia barua. Barua nzuri, mwandiko wa kupendeza, ahadi zimepangwa vizuri mstari kwa mstari, na hata moja haikuwa ya kweli. Kila moja niliisoma mara moja tu, kwa furaha. Tangu ameondoka, kila kitu nakisoma mara mbili, na watu pia.

Basi ikaja kazi ya kalenda ya kliniki ya macho. Kalenda ya ukutani, karatasi moja kubwa, miezi yote kumi na miwili, nakala elfu moja na mia mbili, na juu yake picha ya jicho limekukodolea. Msanifu wetu, kijana anayeishi ndani ya spika zake za masikioni, aliipanga, na mimi na Sikukuu tukakaa kuisoma. Kusoma kalenda ni adhabu. Hakuna hadithi, ni namba tu. Moja, mbili, tatu, mpaka ulimi ukauke.

Tulifika Julai. "Kumi na saba," alisoma. "Kumi na nane. Kumi na tisa. Hapo nilizaliwa mimi, saa nne asubuhi, na mama anasema nilitoka nacheka, nukta."

Kwenye prufu haisemwi kitu kisichokuwepo kwenye karatasi. Nilitakiwa nimpe vidonge vyake palepale. Badala yake niliinua uso. Alikuwa ameegemea dirisha, amesogeza karatasi mbali na macho kama mzee, na alama ya wino shavuni hajui kama anayo. Nilimtazama. Kwa muda gani, hayo ni yangu. Niliporudisha kalamu kwenye prufu tayari alikuwa kwenye ishirini na tatu, na mimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, sikumwambia arudie. Tukamaliza mpaka Desemba. Nikaandika, *Imesomwa. Sawa*, nikatia sahihi.

Siku ya kufunga kiwanda kwa likizo ya mwisho wa mwaka ndiyo siku kalenda zilikuwa zichukuliwe, saa kumi jioni. Watu wote walikuja na mabegi ya safari. Keki iko kwenye friji ya ofisini, soda ziko kwenye ndoo ya barafu, na mimi nina tiketi ya basi la saa kumi na mbili kwenda kwa mdogo wangu, ambaye nimemwahidi miaka mitatu mfululizo na miaka mitatu mfululizo nikabaki na kazi. Mezani kwa bosi ilikuwepo barua ya ajira ya Sikukuu imebakia sahihi tu. Kila mtu aliijua, maana Sikukuu mwenyewe alikuwa ameitangaza mpaka kwa muuza magazeti. Miaka miwili hakuwa na kazi. Mama yake alikuwa amemwambia aipeleke nyumbani jioni hiyo aishike kwa mkono wake mwenyewe, isije ikawa ni habari iliyotiwa chumvi.

Saa mbili na nusu asubuhi alikuja mezani kwangu na kalenda moja. Alikuwa anataka kuitundika mapokezi, akachukua kalamu azungushie siku yake ya kuzaliwa, na hakuiona.

"Bi Kasoro," alisema, na kwa mara ya kwanza hakucheka. "Sikuzaliwa."

Nilitazama Julai. Kumi na saba, kumi na nane, kumi na nane, ishirini.

Nikaisoma tena, na tena, kama vile namba ingeona aibu na kujirekebisha. Bado tumeinamia ile karatasi, bosi akaingia na mfuko wa vikombe vya karatasi, akauliza tunalia nini. Sikukuu akampa kalenda. Bosi wetu ni mzee mpole, lakini upole wake una mwisho, na mwisho wake ni makosa ya kuchapa. Alivaa miwani. Akaivua. Akaniangalia mimi.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Ni mimi, mzee," Sikukuu akadakia. "Niliruka mstari wakati nasoma. Nilitoka kumi na nane nikaenda ishirini. Yeye alifuata sauti yangu."

Nusu yake haikuwa hata na akili. Anayefuata prufu anafuata macho, si sauti. Lakini bosi alikuwa na hasira na alitaka mtu, na mtu alikuwa amejileta. Akashusha pumzi. "Unajua utaratibu. Aliyeajiriwa akikosea anapewa onyo. Aliye kwenye majaribio…" Hakumalizia. Akasema msanifu achape stika zenye namba kumi na tisa, zibandikwe zote elfu moja na mia mbili kabla ya saa kumi, na Sikukuu amalize siku yake vizuri, kisha wapeane mikono. Akaenda ofisini na vikombe vyake.

Na mimi? Nilinyamaza. Nilikiangalia kile kibao ukutani, MIAKA KUMI NA MOJA BILA KOSA, nikanyamaza. Sijivunii, lakini ndivyo ilivyokuwa, na mtu akitaka kunichukia kidogo hapa ruksa.

Saa tatu na nusu tulikuwa tumekaa sisi wawili kwenye meza ndefu ya kufungashia, stika upande huu, kalenda upande ule. Wafungashaji walikuwa na mizigo ya wateja wengine. Stika zenyewe ndogo kama ukucha wa mtoto. Unabandua, unalenga, unakandamiza kwa kidole gumba, unageukia nyingine. Karatasi zile za rangi zilikuwa zinapepea juu yetu kwa upepo wa feni.

"Kwa nini umedanganya?" nilimuuliza tulipofika kama ya mia mbili.

"Nimedanganya nini?"

"Ulisoma kumi na tisa. Nilikusikia. Ulisoma na saa uliyozaliwa."

Alibandika moja, akaikandamiza taratibu kuliko ilivyohitaji. "Ningesema ukweli, mzee angekuuliza ulikuwa unaangalia nini."

Masikio yaliniwaka moto. "Nilikuwa naangalia dirisha."

"Sawa."

"Kulikuwa na ndege."

"Alikuwa mzuri?"

"Bandika stika," nilisema.

Akabandika. Hakuimba siku hiyo, wala hakupiga soga, na nilishangaa jinsi ukimya nilioudai tangu mwezi wa kumi ulivyokuwa unaniudhi. Kiwanda kilikuwa kimekuwa kama kilivyokuwa kabla hajaja. Nilikuwa nimesahau kilikuwa kibaya kiasi gani.

Simu yangu ikalia. Ni mdogo wangu. Vidole vimejaa gundi, nikaipokea kwa kiwiko, nikagusa na spika, sauti ikasikika mpaka kwa Sikukuu.

"Dada! Usiniambie huji."

"Nakuja."

"Mwaka juzi ulisema nakuja, ikaja meseji. Mwaka jana ikaja keki na dereva. Watoto wanadhani wewe ni dereva."

Sikukuu akashindwa kujizuia, kile kicheko kikamponyoka.

"Nani huyo anacheka?" mdogo wangu akauliza.

"Mtu wa kazini."

"Mtu wa kazini gani anacheka hivyo, na wewe hujamfokea? Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji," alijibu bila hata kupepesa. "Watoto wazima?"

"Wazima kabisa! Mlete huyo dada yangu, na wewe uje naye. Nyumba kubwa, magodoro yapo."

Niliizima kwa kiwiko kilekile, nusura niivunje. Hatukutazamana. Yeye alikuwa anaangalia stika kwenye ncha ya kidole chake.

"Ningependa kuja," akasema, taratibu. "Siku nyingine ningesema ndiyo hapohapo. Ila leo inabidi nimpitie mama, nitafute namna ya kumwambia. Ameshafua kitambaa cha meza ili barua ikae juu yake."

Kitambaa cha meza ndicho kilichonimaliza. Uongo wa mtu mmoja ulinifanya nisome watu mara mbili kwa miaka yote hiyo, na sasa nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha ajira ya kudumu, namwacha mtu mwingine abebe uongo kwa ajili yangu mpaka kwa mama yake. Na nilikuwa nampenda. Ndiyo hivyo. Nilikuwa nampenda tangu lebo ya dawa ya mende, na nilikuwa radhi apoteze kazi ili mimi nisiulizwe nilikuwa naangalia nini.

Stika ya mwisho tuliibandika saa kumi kasoro dakika tano. Wenzetu walikuwa wamejaa mapokezi na soda zao. Mteja aliwahi. Alikuja mwenyewe, yule daktari wa macho, mama mtu mzima mwenye mkufu wa miwani shingoni. Bosi alikuwa anamwonyesha kalenda na kumwomba radhi kwa stika, akieleza kuwa kijana aliyesoma vibaya anaondoka leo. Keki ilikuwa bado haijakatwa.

"Mzee," nilisema kutoka mlangoni. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Hakusoma vibaya."

Wote wakageuka. Fundi wa mashine, ambaye mashine yake ilikuwa imezimwa tangu mchana, alishusha soda yake ili asikie vizuri.

"Alisoma kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa, nukta. Alisoma sawasawa. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu, na mimi ndiye nilikuwa siangalii karatasi."

Bosi alivua miwani. "Wewe?" alisema. "Miaka kumi na moja hujawahi kuacha kuangalia karatasi. Ulikuwa unaangalia nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, sakafu yetu ni ya zege.

"Nilikuwa namwangalia yeye," nilisema.

Sikukuu alikuwa amesimama nyuma yangu na boksi la kalenda mikononi, na nikasikia boksi likishuka sakafuni polepole. Daktari alivaa miwani yake, akanitazama mimi, akamtazama yeye kuanzia viatu mpaka masikio, akarudi kwangu.

"Binti yangu," alisema, "macho yako ni mazima kabisa."

Mapokezi yakalipuka. Wafungashaji walipiga meza, msanifu akatoa spika masikioni akiuliza kumetokea nini, na mtu mmoja, sikumjua na sitamsamehe, alipiga vigelegele. Nilivuta kiti, nikapanda, nikakishusha kile kibao ukutani, nikamkabidhi bosi. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani.

"Barua ya onyo nitakuandikia," bosi alisema. Alikuwa anajitahidi kukunja uso, hawezi.

"Iandike. Lakini lazima nisome prufu yake."

"Na hii je?" Akaingia ofisini, akarudi na ile barua nyingine. "Hii nayo haijasomwa. Hakuna karatasi inatoka humu bila kusomwa. Nendeni mkaisome, niweke sahihi, watu wakate keki."

Tukakaa mezani kwangu. Kila mtu alijifanya anakula keki. Nilimpa Sikukuu rasimu ya bosi ya mkono, nikabaki na ile iliyochapwa, pamoja na kalamu nyekundu.

"Tunayo furaha kukuajiri," alisoma, "mkato katika nafasi ya mapokezi na usomaji mkato kuanzia siku kiwanda kitakapofunguliwa nukta. Tarehe ya kuzaliwa nukta pacha, kumi na tisa Julai."

Nilitazama karatasi. Kumi na tisa ilikuwepo. Nikaigusa kwa ncha ya kalamu.

"Aya mpya," akaendelea. "Jioni hii mkato mwajiriwa atampitia mama yake na barua hii mkato kisha atapanda basi la saa kumi na mbili na msoma prufu mkato kwenda kwa shemeji yake mkato kama msoma prufu ataridhia nukta."

Niliinua uso. "Hiyo haipo kwenye karatasi."

"Ndiyo kosa lenyewe," alisema. "Limerukwa."

Alikuwa na alama ya gundi shavuni, hajui kama anayo. Safari hii niliifuta kwa kidole. Kisha nikageuza karatasi upande, nikaandika ile aya yote pembeni kwa kalamu nyekundu, mikato yake yote minne, na nukta. Chini yake nikaandika, *Imesomwa. Sawa*, nikatia sahihi, nikampa bosi bila kuisoma mara ya pili.